Upindo wa Vidole Vinne

"Acha kunidanganya, Fundi! Hili ndilo gauni la mwanasesere? Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini mimi. Kiwiliwili cha mtoto wa miaka saba nakijua hata nikifumba macho!"

"Nipe mfuko wangu, Mwalimu."

"Mfuko umepasuka. Nikupe nini, matundu?"

Naam, msomaji, bado tuko ngazini. Ni pale pale tulipoachana Jumamosi iliyopita: mfuko wa nailoni umepasuka kitako, na kigauni cha kijivu kimeangukia miguuni pa mtu wa mwisho ambaye fundi cherehani wetu angetaka akione. Tofauti ni moja tu. Watu wameongezeka.

Kinyozi wa chini ametoka na mashine yake mkononi, bado inanguruma. Mteja wake amemfuata nyuma, shuka shingoni, kichwa nusu kipara nusu kichaka. Nani akubali kubaki kwenye kiti majirani wanapovuana nguo kwa maneno? Ghorofa ya pili, milango mitatu imefunguka upenyo wa jicho moja moja.

"Mama zangu," Kinyozi akasema, "mkipigana nipigieni kelele kwanza, nizime mashine. Leo umeme wenyewe wa kubahatisha."

"Nyamaza wewe!" wakamjibu wote wawili kwa pamoja. Ndilo jambo pekee walilokubaliana asubuhi ile.

Kwa aliyeingia leo: Mwalimu ni mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watoto kutoka uwanjani. Ndiye aliyeanzisha kampeni ya kuwatoa watoto kwenye Jengo la Bati. Jina la kwenye kibao ni Kituo cha Mapokezi, lakini hilo hulitaja mkuu wa kituo peke yake, tena akiwa redioni. Watu waliovuka mpaka kuomba hifadhi hufungiwa humo, wakubwa kwa wadogo. Mkuu anaapa kwamba mtoto hakai mle zaidi ya siku tatu. Mwalimu anaapa kwamba huo ni uongo mtupu. Keshokutwa, Jumatatu, jaji atakwenda kuangalia kwa macho yake.

Na Fundi? Fundi ametia sahihi kwenye kila karatasi ya kampeni. Ameandamana mara mbili. Bango kubwa la kampeni, lile la WATOTO SI WAFUNGWA, amelishona yeye, bure.

Sasa Mwalimu akaligeuza lile gauni, akaisoma kola kwa sauti.

"Thelathini na moja. Ehe! Mwanasesere wako ana namba shingoni?"

"Ni sare za shule moja ya bweni."

"Shule gani?"

Fundi akanyoosha mkono kulinyakua gauni.

"Ngoja," Mwalimu akasema. Akaingia kwake, mlango ule unaotazamana na wa Fundi, akarudi na bango amelikumbatia kama godoro. Akalikunjua pembe moja, akaweka upindo wa bango juu ya upindo wa gauni, akamwinulia Kinyozi.

"Wewe una macho. Unaona nini?"

Kinyozi akazima mashine. Akainama. "Naona uzi wa kijivu huku, na uzi wa kijivu huku."

"Na mwisho wa mshono?"

"Umerudi nyuma mara tatu ndipo ukakatwa. Huku pia mara tatu."

"Na upana wa upindo?"

Kinyozi akaokota kigauni kingine, kipya, kilichodondoka mfukoni, akapima kwa vidole vyake. Vinne. Akahamia kwenye bango. Vinne. Hakuhitaji kusema. Kila aliyewahi kumpelekea Fundi nguo ya mtoto anaijua alama yake. Mafundi wengine huacha upindo wa kidole kimoja, wewe mtoto akirefuka ukanunue kitambaa kipya. Yeye huacha vinne, ili kila mwaka nguo ishushwe kidogo, mama apumzike. Ni sifa yake mtaa mzima.

"Umetushonea sisi bango," Mwalimu akasema, sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo ya kuogopwa, "na ukawashonea wao magauni. Kwa cherehani hiyo hiyo. Fundi, usiku ulikuwa unalalaje?"

Juu kule mlango mmoja ukafungwa kwa kumwonea Fundi aibu.

Hapo Fundi akageuka. Mtu akibanwa ukutani hutoka na chochote alichonacho, naye alikuwa na kimoja.

"Ulitaka wakae uchi?"

Mwalimu akaanza kulikunja bango.

"Nijibu, Mwalimu. Wewe umebeba mabango, sawa, hongera. Mimi nililetewa karatasi imeandikwa vimo vya watoto. Nikiikataa, wangewavisha nini? Magunia? Baridi ya lile bati unaijua? Angalau mimi niliwatilia bitana!"

Mteja wa Kinyozi akatikisa kichwa, kile upande wa kipara. "Hapo mama amesema."

Mwalimu akabaki na gauni mkononi.

"Nilitaka useme," akajibu mwishowe. "Ushone, na useme. Sisi tunahangaika kutafuta mtu mmoja tu aliyeona nyayo za mtoto mle ndani, na wewe ulikuwa na vimo vyao ukutani."

Na mambo yangeishia hapo, wangenuniana miezi miwili kisha wakaombana chumvi, kama si yule Kinyozi mwenye macho.

"Samahani, mama zangu. Hii mistari ya huku chini ni ya nini?"

"Mistari gani?"

"Hii. Mmoja huu, na mwingine huu. Kama mkunjo wa zamani uliopigwa pasi ukagoma kutoka."

Fundi aliuona mkono wa Mwalimu ukilivuta gauni karibu na macho. Alitamani ngazi zimeze gauni, zimmeze na yeye.

Mwalimu alifundisha hesabu pia.

"Huu ni upindo wa mwanzo," akasema polepole, kidole kwenye mstari wa kwanza. "Umeshushwa kidole kimoja. Huu ni wa pili. Umeshushwa tena." Akainua uso. "Limeshushwa mara mbili. Mtoto amekua ndani ya gauni hili. Siku tatu, Fundi? Mtoto gani anarefuka vidole viwili kwa siku tatu?"

Kinyozi akapiga mluzi.

"Huu ndio ushahidi!" Mwalimu akamshika Fundi mabega, hasira yote imegeuka furaha, na furaha ile ilimchoma Fundi kuliko matusi. "Jumatatu utasimama mbele ya jaji! Utaleta gauni, utaleta vipimo! Mungu wangu, kumbe ulikuwa mlango wa mbele hapa hapa, na mimi natafuta ng'ambo ya mji!"

"Siwezi."

"Nini?"

"Nilitia sahihi karatasi ya kufunga mdomo. Nikisema naenda ndani mimi."

Akalipokonya gauni, akazikusanya nguo zilizobaki kifuani, akaingia kwake, akapiga komeo mara mbili.

Nyuma ya mlango akamsikia mteja wa Kinyozi akiuliza: "Sasa mimi ninanyolewa au siku imeisha?"

*

Chumba cha Fundi ni kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Huku kitanda, kule kazi: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na ukutani, kwenye misumari, karatasi za kahawia zilizokatwa mabega, vifua na mikono. Ukizitazama haraka utadhani watoto wamejipanga ukutani wakisubiri kuitwa. Miezi kumi na moja Fundi amekuwa akizitazama haraka.

Juu ya dirisha kuna kopo la vifungo. Alilichukua, akakaa nalo mapajani, asilifungue.

Na sasa, msomaji, sogea karibu, maana hili Mwalimu halijui, Kinyozi halijui, wala wewe hukuambiwa.

Ghorofa ya tatu anaishi mwanamke tunayemwita Shangazi. Anafua mashuka ya hospitali. Alifika nchi hii miaka miwili iliyopita, akapewa karatasi zake, akapanga chumba. Mwaka jana kaka yake alifariki, na mtoto wa kaka yake, binti wa miaka saba anayeitwa Kidoti kwa sababu ya kidoti cheusi shavuni, akaletwa na wasafiri mpaka mpakani, amfuate shangazi yake. Akaishia Jengo la Bati.

Shangazi aliruhusiwa kuzungumza naye kwa simu mara moja. Mara moja tu. Kisha ikaja barua: mtoto amehamishiwa kwenye familia ya malezi, mahali hapatajwi kwa usalama wake. Tangu hapo Shangazi huandika barua kila mwezi kwa familia asiyoijua, na huzipeleka ofisi ya kituo, na hajibiwi.

Ile simu moja aliisimulia jengo zima. Aliisimulia bombani, ndoo zikijaa. "Unajua aliniambia nini? 'Shangazi, jino langu la mbele linacheza. Likitoka nitakuwekea.' Nitakuwekea! Yaani ana jela kichwani, anawaza kuniwekea jino!" Akacheka mpaka akalia. Wanawake wote wakacheka, wakalia.

Fundi alikuwepo. Alikuwa anakamua shuka. Wiki moja baadaye Mtu wa Stoo, mtumishi wa Jengo la Bati, alimletea nguo za kushusha. Akafumua upindo wa gauni namba thelathini na moja, na kitu kikadondoka mezani: jino. Jino dogo la mtoto, limefungwa kwa uzi uliochomolewa kwenye blanketi, mafundo matatu.

Alilijua dakika ile ile. Mikono yake ilijua.

Alijiambia, watoto wengi hung'oka meno. Alijiambia, labda barua ni kweli, labda gauni limepewa mtoto mwingine. Alijiambia atapanda ghorofa ya tatu Jumapili. Jumapili ikapita, zikapita nyingine, na kila akimsikia Shangazi ngazini, yeye akawa anaingia kwake na kufungua bomba kwa nguvu asisikie salamu. Jino akalitia kwenye kopo la vifungo. Gauni akalishusha kidole kimoja, akalipiga pasi, akalirudisha.

Na juzi, miezi sita baadaye, lilirudi tena. Akafumua. Jino la pili. Mafundo matatu.

Mtoto alikuwa anatuma barua, na aliyezipokea ni mtu mwenye kopo la vifungo.

Lakini hata hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni hili lililomjia sasa hivi, baada ya ule ugomvi. Fundi mwingine angeacha upindo wa kidole kimoja. Gauni lingekuwa fupi mapema. Ingebidi liagizwe jipya, karatasi iandikwe, mtu atie sahihi, mtu mmoja tu mahali fulani ajiulize kwa nini mtoto wa kukaa siku tatu anahitaji gauni la pili. Yeye, kwa huruma yake, kwa sifa yake ya mtaa mzima, aliacha vinne.

Aliwaachia nafasi ya kukulia humo ndani, kimya kimya, bila karatasi.

Mlango ukagongwa.

*

"Hodi, mama yangu! Ni mimi, mwanao wa stoo."

Mtu wa Stoo ni kijana mnene, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni na pole kwa kila mtu. Huwezi kumchukia hata ukijitahidi. Alikuwa ameacha gari dogo la kituo nje, injini inawaka.

"Mbona umekuja leo? Tulisema Jumanne."

"Mambo yamebadilika, mama. Nipe zote zilivyo, zilizokwisha na zisizokwisha." Akaanza kuzipanga sandukuni mwenyewe. Alipofika kwenye gauni namba thelathini na moja akasita, akaliweka kando juu ya meza. "Hili baki nalo. Fanya tambara la kufutia mafuta ya mashine."

Fundi akalishika gauni. "Kwa nini? Mwenyewe amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Anasafiri."

"Anakwenda wapi?"

"Mbali." Akatazama mlango, akapunguza sauti. "Sikukwambia kitu, mama yangu. Jumatatu jaji anakuja. Kwa hiyo kesho saa kumi na mbili asubuhi basi linapita geti la nyuma, wadogo wote wanapanda. Jaji akifika atakuta vitanda vya watu wazima na mkuu anatabasamu. Huyo thelathini na moja ndiye wa juu kwenye orodha, maana ndiye amekaa kupita wote."

"Huu ni mwezi wake wa kumi na moja," Fundi akasema.

Kijana akamtazama. "Unajuaje?"

"Mimi ndiye ninayeshusha."

Nje injini inahema.

"Mimi ni mtu wa stoo tu," akasema, kana kwamba ameulizwa. "Nagawa mablanketi. Sina funguo." Kisha, akiwa ameshabeba sanduku, akakumbuka: "Na hizo karatasi zako za ukutani, mkuu anasema zichomwe leo. Zote. Nimwambie umechoma?"

Msomaji, kuna maswali mtu huulizwa yakiwa madogo kama sindano.

"Mwambie unavyotaka," Fundi akajibu.

"Nitamwambia umechoma. Siku njema, mama."

Gari likaondoka. Fundi akachukua kiberiti. Ndiyo, alikichukua, nisikufiche. Akasimama mbele ya ukuta nacho mkononi, akatoa njiti, akaitazama. Karatasi ya namba thelathini na moja ilikuwa msumari wa mwisho, karibu na dirisha. Kifua kidogo kuliko vyote. Pembeni, kwa chaki, mkono wake mwenyewe ulikuwa umeandika miezi kumi na moja iliyopita: *Acha vinne. Huyu atarefuka.*

Akakiweka kiberiti mezani. Akaanza kuzitoa karatasi, msumari mmoja baada ya mwingine.

*

"Fundi, unahama?" Kinyozi alikuwa mlangoni kwake, anafagia nywele. Alimwona na furushi la karatasi kwapani, gauni begani, kopo mkononi. Mzaha ukamwisha usoni. "Mwalimu hayupo. Ametoka na bango, anamtafuta wakili."

"Mpigie simu arudi. Mwambie ni kesho, si Jumatatu."

"Nini ni kesho?"

"Mwambie tu. Arudi juu, kwa Shangazi."

Angeweza kumngoja Mwalimu. Angempa kila kitu pale chini, Mwalimu angepanda na habari, naye angebaki kwake na komeo lake. Wazo hilo lilimshika kwenye kipandio cha kwanza, likamfuata mpaka ghorofa ya pili. Ghorofa ya tatu likachoka, likarudi chini peke yake.

Mlango wa Shangazi ulikuwa wazi. Humo mlikuwa na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa na redio inayoimba kwa mikwaruzo.

"Aa! Leo jua limetokea wapi?" Shangazi akatokea na mwiko mkononi, kitambaa kichwani, uso wote kicheko. "Fundi wangu! Miezi mingapi hujapanda huku? Nilisema nimemkosea nini shoga yangu, mbona akinisikia ngazini anafungulia bomba. Karibu, karibu. Nimesikia mmegombana na Mwalimu. Usimjali, yule akikuchapa anakupenda."

"Dada, nina maneno."

"Maneno hayakai mlangoni. Ingia."

"Nikiingia sitayasema."

Kicheko kikapungua kidogo kidogo, kama moto wa jiko la mafuta unapozungushwa kifundo. Shangazi akazima redio.

Fundi alikuwa amepanga hotuba tangu ghorofa ya kwanza. Ilikuwa na mwanzo wa heshima na sababu nzuri tatu. Yote yakamtoka. Akafungua kopo, akatafuta katikati ya vifungo, akashika mkono wa Shangazi, akauweka wazi, akayatia humo.

Meno mawili madogo. Uzi wa blanketi. Mafundo matatu, mafundo matatu.

Shangazi hakupiga kelele. Aliyasogeza karibu, akayageuza kwa ncha ya kidole.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga hivi," akasema. "Viatu. Mafundo matatu, ili asianguke njiani." Kisha: "Umeyatoa wapi?"

"Kwenye upindo wa gauni lake. Mimi ndiye ninayewashonea. Yuko mle, dada. Hajahamishwa popote. Barua ile ni uongo. Hajatoka hata siku moja."

"La kwanza ulilipata lini?"

Hapo, msomaji, angeweza kusema juzi. Nani angejua?

"Miezi sita iliyopita."

"Nilipokuwa nawasimulia pale bombani..."

"Bado. Lilikuja wiki ile iliyofuata. Nikakaa nalo."

"Nikakupita ngazini na barua zangu. Nakusalimu. Nakwambia, Fundi, naenda kuzipeleka, niombee."

"Ndiyo."

"Ukasema?"

"Nikasema amina."

Mwiko ukaanguka. Fundi alikaza uso kungoja kofi, na kwa kweli alilitaka, angelipokea kama mtu anavyopokea risiti. Halikuja. Shangazi alinyoosha mkono, akalichukua gauni begani pake. Akaliinua kwa mabega, akalishusha mpaka kola ikawa pale ambapo shingo ya mtoto ingekuwa. Akaona mistari miwili. Hakuna aliyemweleza, ila aliielewa.

"Alikuwa hapa," akasema, akigusa mstari wa kwanza. Mkono ukashuka. "Akawa hapa." Ukashuka tena, ukafika kwenye upindo mpya. "Sasa yuko hapa. Amekua, Fundi. Mtoto wangu amekua na mimi sipo."

Akalikumbatia. Halikuwa na mtu ndani, na mikono yake ilikaa kana kwamba yumo.

"Kuna jingine," Fundi akasema. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Basi litapita geti la nyuma, watoto wote wanaondolewa kabla jaji hajafika. Yeye ni wa kwanza kwenye orodha. Sijui wanapelekwa wapi. Vipimo vyao vyote ninavyo hapa, sijachoma. Nitasimama popote mtakaponisimamisha. Wanifunge."

Chini kulikuwa na kishindo cha viatu. Mwalimu alikuwa anapanda mbili mbili, bango begani, anahema, Kinyozi nyuma yake na ufagio bado mkononi, na nyuma ya Kinyozi, shuka shingoni, yule mteja wa nusu kichwa.

"Nini ni kesho?" Mwalimu akauliza kabla hajafika. "Fundi! Nini ni kesho?"

Akaona gauni kifuani pa Shangazi. Akaona kilichokuwa kiganjani mwake. Mwalimu aliyekuwa na neno kwa kila kitu akaweka bango chini.

Shangazi akafuta uso kwa ukingo wa kitambaa. Aliinama akaokota mwiko, akaupangusa.

"Basi moja lina upana gani?" akauliza.

Wakatazamana.

"Nimeuliza. Geti la nyuma nalijua, nimelizunguka mara ngapi. Ni jembamba. Bango hilo lina mita ngapi?"

"Sita," Fundi akasema.

"Linatosha kutoka ukuta mpaka ukuta?"

"Linatosha. Na kitambaa kinabaki."

"Basi mtu azishike pembe. Wewe kinyozi unao watu wangapi wanaokuja kukaa kwako bila kunyoa?"

"Kama arobaini, Shangazi."

"Waambie kesho wawe getini saa kumi na moja. Mwalimu, wakili na watu wa magazeti ni wako. Na wewe mwenye nusu kichwa, sikujui, ila unaonekana huna haraka."

"Nipo, mama," mteja akajibu.

Kisha akamgeukia Fundi, ambaye alikuwa ameanza kurudi nyuma taratibu, mgongo umeshafika kwenye reli ya ngazi.

"Unakwenda wapi?"

"Chini. Nimeshasema nililokuwa nalo."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Sijui kama nitakusamehe. Hilo liache huko lilipo. Kesho nataka usimame mbele ya lile basi, ushike pembe ya kulia ya kitambaa chako mwenyewe, na dereva akishuka, wewe ndiye utamwonyesha hii mistari. Si Mwalimu. Si mimi. Wewe."

"Nitaonyesha."

"Tangu asubuhi umekula nini?"

Fundi hakuwa amekula kitu tangu jino la pili lilipodondoka mezani.

Ndani, mkeka ulikuwa umetandikwa na sahani zimepangwa: moja kubwa, na pembeni yake moja ndogo ya bati yenye ua jekundu, iliyofunikwa. Ilionekana kuwa ya kila siku. Shangazi aliisogeza kando kidogo tu, asiiondoe, akafanya nafasi ya mtu mmoja kati yake na ile kubwa.

"Siwezi kula kwako, dada," Fundi akanong'ona. "Si leo."

"Sikukuuliza unaweza nini. Sitaki uzimie mbele ya basi." Akashika mlango, akaufungua mpaka ukagusa ukuta. "Vua viatu. Nawa. Ingia ule."